Dresa Aliyepapasa Shingo za Watoto

Alikuwa na vidole baridi. Watoto wa mitaa ya nyuma ya soko la Kariakoo tulilijua hilo kabla ya kulijua jina lake, na wengi wetu jina lake hatukulijua kamwe. Alikuwa Dresa, basi. Ukienda kufungwa kidonda, ukienda kuchomwa sindano, ukienda hata kumsindikiza tu mdogo wako aliyejitia kokwa ya ukwaju puani, Dresa angekushika kidevu, akuinue uso, kisha vidole vile vipite shingoni mwako taratibu, kushoto na kulia, kama mtu anayetafuta sindano iliyopotea ndani ya godoro.

"Meza mate," angesema.

Ukimeza, alikuachia. Hakueleza anatafuta nini. Mama zetu waliona ni kichaa chake, na kila mtu ana chake.

Mimi ni mmoja wa wale ambao vidole vile vilisimama shingoni mwao, na ndiyo sababu namwandika. Naandika nikiwa na hasira, nisimdanganye mtu. Nimejaribu miaka mingi kumkumbuka kwa upole, kama inavyopasa kumkumbuka aliyekufanyia wema, nikashindwa. Kila nikimkumbuka yeye, nawakumbuka na wale waliomfanya awe vile alivyokuwa.

Cheo hicho siku hizi hakipo. Miaka ile ya hamsini, tukiwa chini ya Waingereza, dresa alikuwa Mwafrika aliyefundishwa kuosha vidonda, kupima homa, kugawa kwinini na vidonge vya salfa, na kusema "ndiyo, bwana". Daktari alikuwa Mzungu. Ugonjwa ulikuwa mmoja lakini milango ya kuupeleka ilikuwa mitatu: wa Wazungu, wa Wahindi, na wetu. Zahanati yetu ilikuwa chumba kimoja kilichopakwa chokaa, na benchi refu nje chini ya paa la bati, ambapo akina mama walikaa na watoto wao tangu alfajiri wakingoja kugombezwa.

Maana Dresa aligombeza. Sitaki mtu adhani namchora malaika. Aligombeza kwa sauti ya muadhini, na benchi zima lilisikia.

"Maji umechemsha, mama?"

"Nimechemsha, Dresa."

"Yalilia au yalinung'unika tu?"

"Ya... yalilia."

"Yalinung'unika! Ningekuwa mimi ni maji, ningekushitaki. Maji yasiyolia hayajachemka. Kayalize kwanza, ndiyo unywe."

Kisha, saa sita mchana, Dresa huyohuyo alionekana sokoni akinywa maji ya ukwaju kwa muuzaji mwenye kopo moja la wateja wote. Mama yangu, aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga hatua chache kutoka hapo, alimkamata mchana kweupe.

"Hayo yamelia, Dresa?"

Akapangusa mdomo. "Mimi mtu mzima, Mama Tatu. Vijidudu vyangu tumeshazoeana."

Tatu ni mimi. Yeye aliniita binti wa samaki, na hakuwa akinisifu, kwani harufu ya samaki ilimchefua. Koti lake jeupe alilifua mwenyewe, akalitia wanga mwenyewe, kwa sababu hakumwamini dobi yeyote mjini. Aliwacheka watu wenye hirizi, akawaambia waziloweke wanywe kama zinafaa kitu, lakini yeye mwenyewe hakuingia zahanati kwa mguu wa kushoto hata mara moja. Akijisahau alirudi nyuma akaanza upya. Watoto aliwatendea kama watu wazima: kabla ya sindano alikwambia wazi kwamba itauma, na kwa muda gani. Watu wazima aliwatendea kama watoto. Nilimwona akimzaba kofi baba mmoja aliyemleta mtoto kachelewa kwa sababu ya pombe, kisha akatumia mchana mzima kumshikia yule mtoto beseni la kutapikia.

Mtu huyo asiyemwogopa mlevi wala mwenye nyumba, mbele ya daktari Mzungu alipungua. Nasema alipungua kwa sababu ndivyo nilivyoona kwa macho yangu. Mabega yaliingia ndani na sauti ikawa ya mtu mwingine. Nitafika huko.

Mwaka niliougua, masika ilizidi. Bonde la Jangwani lilijaa likawa ziwa, vyoo vya mashimo vikafurika, na maji ya choo na maji ya kisima yakawa ndugu. Kwenye bomba la mtaa foleni ilikuwa ndefu mno, basi mimi na wenzangu tulichota kisimani, tukanywa. Nilikuwa na miaka kumi. Niliharisha damu siku sita. Dresa alinipa salfa, na mara mbili alikuja nyumbani kwetu akitembea majini, suruali kaipandisha magotini, viatu kavitia kwapani. Nikapona. Wako wenzangu wa mtaa uleule ambao hawakupona.

Miezi mitatu minne baadaye nilianza kula kama mpagazi. Mama alifurahi, akasema mwili unafidia. Lakini mwili haukufidia. Nilikula nikakonda. Usiku nilitupa shuka, nikalala juu ya sakafu ya saruji, na bado nilitoka jasho. Moyo ulinienda mbio nikiwa nimekaa kitako. Nililia bila sababu, nikawapigia makelele wakubwa, jambo ambalo sikuwa nalo. Na mikono ilianza kutetemeka.

Shuleni kwetu, shule ya wasichana, mwalimu wa mwandiko alikuwa kijana mwenye suruali iliyonyooshwa vizuri kuliko akili yake. Herufi zangu zilikuwa zimeanza kutambaa kama mchwa. Aliniweka mbele ya darasa.

"Tuliza mkono."

"Nashindwa, mwalimu."

"Mkono unaotetemeka ni mkono wa mwongo. Leta vidole."

Alinichapa kwa ncha ya rula juu ya kucha. Kesho yake tena, na kesho kutwa. Mkono haukutulia. Ungetulia vipi? Nimekuwa mama, nimekuwa bibi, na bado nikiona rula ya mbao najua hasa ni wapi ningependa kumwekea mwalimu yule. Mtaani nako maneno yalikuwa yameanza. Macho yangu yalikuwa yametoka nje, makubwa, makali, na jirani yetu mmoja alimwambia mama kwamba hayo si macho ya mtoto, kuna mtu mwingine anatazama kupitia humo. Siku ya ngoma ya kumpunga huyo mtu mwingine ilikuwa imeshapangwa.

Kilichonipeleka kwa Dresa hakikuwa ugonjwa. Vilikuwa vidole; vilikuwa vimefanya usaha kwa ile rula.

Alivisafisha, akavifunga. Kisha, kama kawaida yake, akanishika kidevu. Vidole vyake vikapita kushoto, vikapita kulia, vikasimama.

"Meza mate. Meza tena."

Akachukua karatasi ya kufungia vidonge, akaniambia ninyooshe mikono, akailaza juu ya vidole vilivyobaki vizima. Karatasi ilicheza kama jani.

"Mama Tatu, huyu ndiye aliyeharisha damu masika?"

"Si ulimtibu mwenyewe?"

Dresa akakaa chini. Sikuwahi kumwona ameketi zahanati. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa, karibu na mama, karibu na ile harufu ya samaki, akasema kwa sauti ndogo kwamba shingo kama yangu ameiona kwa watoto watatu kabla yangu. Wote waliharisha damu kwanza, wakapona, kisha baada ya miezi ikaja shingo, yakaja macho, ukaja moyo wa mbio. Wa kwanza alikuwa binti wa dobi, mtaa wa tatu kutoka kwetu.

Binti wa dobi tulimjua. Alikuwa amekufa katikati ya ngoma, wanawake wakiimba, moyo ukasimama. Watu walisema jini lilikataa kutoka.

"Nilimpapasa," alisema Dresa. "Nikaona. Nikasema mimi nani niseme? Nikanyamaza."

Mama aliniwekea mkono shingoni kana kwamba angeweza kuifuta. "Sasa uvimbe huu ni rovu? Rovu si la watu wa milimani? Wateja wangu wa kutoka Kilimanjaro wananiambia huko liko."

"Ndilo linaloninyima usingizi. Rovu la milimani watu hupata kwa kukosa kitu kilichomo baharini. Wewe unauza samaki! Mtoto huyu amekula samaki na chumvi ya pwani tangu alipoachishwa ziwa. Amekosa nini? Hakukosa kitu. Hili ni rovu jingine, na limekuja nyuma ya tumbo."

Ngoma haikupigwa. Mama alikuwa mtu wa imani zake, lakini habari ya binti wa dobi ilimtosha.

Kesho yake Dresa alifunga zahanati saa nne, jambo lisilosikika, akaja shuleni na koti lake lenye wanga. Aliingia darasani bila hodi.

"Mwalimu, weka rula chini."

"Wewe ni nani?"

"Dresa."

"Dresa na darasa wapi na wapi?"

Aliniita mbele, akaninyoosha mikono, akalaza karatasi juu yake. Darasa zima likaona inavyotikisika. "Mchape," akamwambia mwalimu. "Chapa hapo itulie. Ikitulia na mimi nitakuvulia koti hili." Mwalimu alisimama tu, rula mkononi. Msichana mmoja nyuma akaanza kulia, sijui kwa nini. Nilijiona mrefu siku ile, mrefu kama mlingoti.

Matokeo yake? Nilifukuzwa shule jioni ileile. Mwalimu mkuu alituma ujumbe kwamba nirudi nikishapona, na kwamba dresa akikanyaga tena pale ataitiwa askari.

Alitupeleka hospitali kubwa. Tulitembea watatu, mimi nikipumzika kila baada ya nyumba mbili tatu, na Dresa amevaa viatu vyeusi ambavyo vilimbana. Njiani alikuwa akifanya mazoezi ya maneno. Nilimsikia akiyasema kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza tena. Tulingoja mpaka adhuhuri.

Daktari hakuniinua kidevu. Hakunigusa kabisa. Alikuwa ng'ambo ya meza, na meza ilikuwa pana.

"Iko nini?"

Dresa alianza vizuri. "Bwana, mtoto huyu aliharisha damu wakati wa masika. Baada ya hapo tezi ya shingo imevimba, na moyo—"

"Nani daktari hapa? Mimi au wewe?"

"Wewe, bwana."

"Rovu iko Kilimanjaro. Iko Upare. Hapa pwani hapana rovu. Mtoto hii hapana gonjwa, iko woga tu. Peleka nyumbani, lala, pumzika."

Nilimtazama Dresa. Nilingoja ile sauti ya maji yaliyolia. Nilingoja lile kofi la mlevi. Alisimama mabega yamemwingia, akatazama viatu vyake.

"Ndiyo, bwana," akasema.

Hapo nje ya geti mama hakumstahi. Watu walisimama kusikiliza.

"Maneno yote yale ya njiani yalikwenda wapi?"

"Ningeendelea angenifukuza kazi, Mama Tatu."

"Binti wa dobi amekufa, na kazi yako ipo! Huyu naye akifa, kazi yako itakuwepo! Koti hilo unamvalia nani?"

Aliinama, akavua vile viatu, akatangulia kurudi Kariakoo pekupeku juu ya lami ya mchana, na sisi nyuma yake. Hasira yangu ya kwanza maishani, hasira ya mtu mzima, nilimkasirikia yeye siku ile. Nilikuwa sijajua bado kwamba mtu anaweza kufundishwa kunyamaza kama anavyofundishwa kufunga kidonda, na kwamba wenye kumfundisha wana majina na mishahara.

Siku mbili zikapita. Ya tatu alibisha hodi alfajiri. Macho yalikuwa mekundu. Alikuwa ameandika barua kwa wakubwa wa hospitali: watoto wanne, mtaa wa kila mmoja, lini tumbo, lini shingo, nani yu hai. Ameshaipeleka. "Sasa twendeni Uhindini," akasema, "kabla hawajaisoma."

Huko alikuwapo daktari Mhindi, Banyani mzaliwa wa Kisutu, aliyesema Kiswahili kama sisi. Hakuwa na ruhusa ya kututibu wala katazo la kututibu; wagonjwa wake walikuwa wa jamii yake. Dresa, mwenye kiburi kile, alisimama mlangoni kwake kama muuza fagio, akaomba. Tukaingizwa. Mzee yule aliniwekea chuma cha baridi kifuani, akasikiliza, akanipapasa shingo. Kisha akavua miwani.

"Hebu nieleze tangu mwanzo."

Dresa alianza, akasita, akamtazama kuona kama atakatizwa.

"Endelea, Dresa," akasema daktari.

Neno hilo moja. Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu mwenye shahada akimwambia Dresa aendelee. Akaendelea, akasema yote, ya binti wa dobi pia, na alipofika hapo sauti ilimkatika. Daktari alingoja mpaka ikarudi.

"Tezi imepandwa wazimu, inafanya kazi usiku na mchana," alimwambia mama. "Dawa ipo. Itachukua mwaka, labda zaidi, na asiruke hata siku moja." Kisha akamgeukia Dresa. "Kwa nini ilianza baada ya tumbo, mimi sijui. Sijasoma popote. Lakini ulichokiona umekiona."

Vidonge vilikuwa vidogo, vyeupe. Nilivinywa mwaka mmoja na miezi. Mikono ilitulia kwanza, halafu moyo, shingo ikapungua polepole. Macho hayakurudi yote. Mpaka leo nina macho ya mtu aliyeshtuliwa.

Barua ilipata jibu. Dresa aliondolewa zahanati yetu kwa kosa la kujifanya daktari. Hawakumfukuza kabisa, walikuwa na huruma ya aina yao: walimweka hospitali kubwa, stoo, kupokea mablanketi na kupanga viti vya ofisi. Mtu aliyezijua shingo za watoto wa Kariakoo wote, akapewa mablanketi! Alikuja dresa mwingine, kijana mpole, mwenye heshima, asiyegombeza mtu na asiyepapasa shingo. Akina mama walimpenda. Ni watoto wangapi walipita mikononi mwake wakapelekwa kupungwa, hakuna aliyeandika, kwa hiyo hakuna ajuaye. Ndivyo mambo yanavyofichwa. Si lazima mtu achome karatasi, inatosha kumwondoa mwenye kuandika.

Aliendelea kuja barazani kwetu jioni za Jumapili, kunitazama. Siku moja askari walikuwa wamepita sokoni wakisaka watu wasiokuwa na stakabadhi za kodi. Waliosakwa walikimbilia upande wa mtaa wa Gerezani wakaruka reli. Askari, kwa kuwakosa, walimpiga mzee muuza vitunguu aliyekuwa amesimama karibu, na stakabadhi yake iko mfukoni. Mama alikuwa akimsimulia Dresa habari hiyo, na Dresa akasimamisha kikombe hewani.

"Ndivyo hivyo," akasema.

"Ndivyo nini?"

"Mwilini. Kuna askari mwilini, tulifundishwa. Vijidudu vikiingia tumboni askari wanaitwa, wanapigana. Mwizi akishakimbia, wao bado wana hasira na rungu ziko mkononi. Wanampiga aliyesimama karibu. Shingo ya binti yako ni muuza vitunguu, Mama Tatu."

Tulicheka. Yeye hakucheka.

Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wangu nilipoeleza kisa changu kwa daktari bingwa wa tezi, mwanamke wa Kitanzania, na nikamwambia maneno hayo ya askari kama mzaha wa mzee wa zamani. Aliweka kalamu chini. Akaniambia kwamba ugonjwa wangu ni wa mwili kujishambulia. Kwamba wataalamu wanadhani vijidudu fulani, vya tumbo vikiwamo, vinaweza kuuanzisha, labda kwa kuwa vinafanana kidogo na kitu kilichomo kwenye tezi. Kwamba bado wanabishana. Kwamba watoto wengi huharisha na wachache mno huupata, kwa hiyo yawezekana kuni zilikuwamo mwilini mwangu na tumbo likawa cheche tu. "Huyo dresa wako alisomea wapi?" akaniuliza. Nikashindwa kumjibu kwa adabu.

Ieleweke ninachokikasirikia. Simlaumu daktari Mzungu kwa kutojua. Yule wa Uhindini naye hakujua, na alisema hivyo waziwazi. Kutojua si kosa. Ninachokikasirikia ni ile meza pana. Kuinuka na kuizunguka kulikuwa hatua nne, akaona ni nyingi.

Mara ya mwisho nilimwona Magogoni, penye kivuko, mwishoni mwa miaka hiyo ya hamsini, wakati habari za uhuru zilikuwa kwenye kila baraza. Nilikuwa msichana mkubwa, nimekwenda kumchukulia mama samaki. Dresa alikuwa akingoja pantoni, kavaa shati la kawaida, miche mitatu ya minazi imefungwa kamba miguuni pake. Nilikuwa sijamwona karibu miaka miwili.

"Shikamoo, Dresa."

"Marahaba, binti wa samaki. Umenenepa, alhamdulillahi." Aliniambia amestaafu, amepata kipande cha shamba Kigamboni, anavuka kwenda kupanda. Kisha akanivuta pembeni kama mwenye siri, uso umemng'aa kama wa bwana harusi.

"Nina habari. Unamkumbuka yule daktari Mzungu?"

"Nitamsahauje?"

"Alikwenda kwao likizo, akarudi na magazeti ya kidaktari. Huko Ulaya sasa wamegundua kwamba mwili unaweza kuipiga tezi yake wenyewe. Basi akaitafuta ile barua yangu kwenye mafaili, akaipata! Mwezi uliopita amewakusanya madaktari wote, akawasomea. Watoto wanne wa Kariakoo, tumbo kwanza, shingo baadaye. Yote, Tatu. Hata mtoto wa dobi alimtaja. Hakuna aliyekohoa."

Nilihisi moyo unaanza mbio, na safari hii haukuwa ugonjwa.

"Alisema ni nani aliyeona?"

"Alisema 'tumeona'."

"Tumeona! Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mlangoni. Viti nilivipanga tangu asubuhi. Upepo ulikuwa unaubamiza ule mlango, ikabidi mtu aushike, nikaushika mimi. Nilisikia kila neno."

Nililia pale pale, mbele ya wachuuzi na wapagazi, kwa hasira. Nilimwambia amwandikie, amshitaki, aende kwa wakubwa, aende kwa wanasiasa waliokuwa wakihutubia Mnazi Mmoja. Nilimwambia kwamba yule mtu alimtupa stoo na sasa amevaa koti lake. Nadhani nilimpigia makelele. Aliniangalia kwa mshangao wa kweli, kama niliyemletea msiba siku ya harusi.

"Lakini wamesikia, mwanangu," akasema. "Kuanzia sasa mtoto wa pwani akienda na shingo, watampapasa. Mimi nitake nini tena?"

"Jina lako!"

Akafikiri. Naapa alifikiri, alilipa swali langu haki yake. Kisha akatikisa kichwa, kwa upole, kama mgeni anayekataa kikombe cha pili cha chai.

Pantoni ilikuwa imefika. Alijitwika miche yake begani, akaniambia nimsalimie mama, akaingia pantoni na watu. Sikumwona tena, nilisikia alifia hukohuko Kigamboni, baada ya uhuru, na kwamba alizikwa na watu wachache.

Hasira ile nilimpa yote siku ile na hakuitaka. Sikupata mwingine wa kumpa. Nimebaki nayo mimi, na sina nia ya kuitua.